Popo wa Pango la Juu

10 Machi

Mvua bado. Mawingu yamekaa upande wa Ngong tangu asubuhi, na hapa Kitengela vumbi limeingia mpaka ndani ya sukari. Nimesugua gumboots, nimechaji betri zote. Kesho kutwa tunaanza.

Kila mwaka mvua ndefu zikikaribia huwa nafungua daftari jipya na kuandika tena kwa nini ninafanya kazi hii. Najua kufikia Mei nitakuwa nimechoka na sitakumbuka vizuri.

Basi, tena. Nje ya mji wa Kajiado, kwenye ardhi ya familia ya Katoo, kuna kilima chenye mapango mawili, la juu na la chini. Ndani yake wanaishi popo wadogo wenye ngozi puani iliyojikunja kama kiatu cha farasi. Popo hawa hutafuta njia kwa masikio. Hulia, mlio ukigonga nondo au ukuta unarudi, nao wanajua kilichoko mbele. Sikio la mtu halisikii mlio huo, ila chombo changu kinasikia. Na jambo lililoniweka hapa tangu nikiwa mwanafunzi ni hili: popo wa pango la juu hulia kwa sauti nyembamba kuliko wa pango la chini. Ukisimama kwenye mlango mmoja unaweza kutupa jiwe likafika kwa mwingine, na bado hawaoani. Ninaamini ni aina moja ya mnyama inayogawanyika kuwa mbili. Wenzangu wa mageuzi ya viumbe husoma mambo hayo kwenye mifupa iliyogeuka mawe. Mimi nayaona nikiwa nimesimama kwenye kinyesi hadi kifundo cha mguu.

Waliosoma nami wamepanda vyeo kwa kusoma tembo na simba. Mimi kwenye korido za chuo naitwa Mama Popo. Sijali sana. Mwaka huu nataka kujua jambo moja tu. Mtoto wa popo huzaliwa na sauti ya kwao, ama hufundishwa na mama yake?

Siku hiyo Kahiga atakuja saa moja na tochi zake mbili mbili. Yeye ni mtu wa maabara, mimi ni mtu wa pango. Nilipoteleza kule chini nikavunjika mkono, ndiye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya ili nisizimie. Binti yake ananiita tata, shangazi kwa Kikuyu.

12 Machi

Tumepita kwanza kwa Mama Parsaoti, mjane wa Mzee Katoo, kwa sababu hakuna mtu anayepanda kile kilima bila kunywa chai yake. Jina lake ni Tabitha lakini sijasikia mtu akimwita hivyo isipokuwa pasta. Mimi humsalimu kwa Maa na kumwita yeyo, mama.

"Takwenya, yeyo."

"Iko. Mama yako huko Entarara hajambo?"

"Hajambo. Anasema mahindi yamekataa."

"Hata hapa ng'ombe wamekataa. Na huyu Mkikuyu wako bado hajajifunza Maa?"

Kahiga akasema kitu alichodhani ni salamu. Mjukuu wa Mama Parsaoti, Rachel, alicheka mpaka akakaa chini. Mwanawe Parsaoti, ambaye kawaida hana maneno, naye alitabasamu.

Mama Parsaoti aliniuliza swali lake la kila mwaka: hao wanyama wenu hawana shida kwa watoto? Nikampa jibu langu la kila mwaka, kwamba watoto wasiingie pangoni na wasiwashike popo, na popo hawatawatafuta. Nikaongeza kwamba tukiona jambo lolote la kuwahusu, wao ndio watakuwa wa kwanza kuambiwa.

"Hiyo ndiyo nataka," alisema.

13 Machi

Mvua! Bati lote linapiga kelele. Nimesimama mlangoni kama mtoto.

21 Machi

Barabara ya kwangu ni udongo mweusi, na gari limelala kwa jirani.

Popo majike karibu wote wana mimba. Tunawatega kwa wavu jua likizama, wakitoka kula. Napima mabawa, nanasa sauti, na Kahiga anapitisha pamba midomoni mwao kwa ajili ya maabara yake. Ana mkono mwepesi sana. Popo hatulii kwangu kama anavyotulia kwake.

Tukiwa tunakunja wavu aliniambia kuna taasisi moja ya nje inayotafuta mtu wa kuongoza mradi wa magonjwa ya wanyama pori. Alitaka tuombe pamoja.

"Mimi sitafuti ugonjwa," nikamwambia.

"Soipan, hakuna mtu anasikiza popo. Watu wanasikiza homa."

"Basi wewe omba."

"Bila wewe sina pango."

Nilicheka. Yeye pia alicheka, lakini baadaye kidogo.

28 Machi

Kusahihisha mitihani. Nyumbu wameingia tena kwenye ploti za huku nyuma, wanazunguka kwenye nyaya wakitafuta njia waliyokuwa wakipita.

4 Aprili

Wamezaliwa. Nimeingia pango la juu asubuhi na mapema, na dari lote limebadilika. Kila jike ana kitu kidogo cha waridi kifuani, uchi, macho yamefumba. Mama akihama kwenye mwamba, mtoto anahama naye akiwa ameuma chuchu.

Nilikaa chini na chombo masikioni. Watoto wanalia ovyo, kwa sauti za juu na za chini, kama watu wanaojaribu maikrofoni. Bado hawana lugha. Kahiga aliponiona natoka aliniuliza kama nimelia, nikamwambia ni ile harufu.

9 Aprili

Kahiga hakuja. Anasema maabara imembana.

12 Aprili

Amekuja nyumbani jioni, na hakutaka hata kukaa. Amepata kitu kwenye pamba za popo wa juu: kipande cha virusi, ndugu wa mbali wa vingine vinavyojulikana.

"Kinaweza kuingia kwa mtu?" nikamuuliza.

"Sijui. Ni kipande tu. Inaweza kuwa iko hapo tangu Nuhu na haijawahi kumgusa mtu."

"Kwa hivyo hatujui."

"Hatujui."

Tulikubaliana mambo mawili. Atarudia vipimo. Halafu, kabla ya kusema popote, tutakwenda sote wawili kwa Mama Parsaoti tukae naye tumweleze polepole. Hilo la pili ni yeye aliyelisema kwanza. "Hiyo ni lazima," alisema. Akakaa sasa, akala ugali kwa sukuma, akaomba aongezewe.

Nimefurahi kwamba ni yeye aliyekipata. Mtu mwingine angekimbia nacho.

16 Aprili

Mama ameanguka bafuni, ni nyonga. Naenda hospitali ya Loitokitok. Kahiga atabadilisha betri za vinasa sauti.

18 Aprili

Mvua. Mama amepasuliwa. Amenitambua.

20 Aprili

Niko Entarara nyumbani kwetu, nimekuja kumchukulia nguo. Nguzo za stima zimeanguka huko juu, hakuna umeme wala mtandao. Simu imekufa tangu jana. Nimelala kwenye kitanda changu cha utotoni na kusikiliza maji yakipita kwenye mtaro. Watoto wa popo sasa wamefungua macho.

23 Aprili

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi nilikuwa kantini nikimnunulia mama uji. Redio ilikuwa inaongea peke yake pale juu ya friji, ikirudia mahojiano ya juzi. Nilisikia neno Kajiado, halafu nikasikia sauti ya Kahiga, ile anayotumia kwenye mikutano.

Mtangazaji alisema, "Daktari, kwa hivyo mmegundua virusi vipya ndani ya popo wa Kajiado."

"Ni kweli, timu yangu imegundua."

"Na wananchi wanaoishi karibu na hayo mapango wako kwenye hatari?"

Nilisimama na kikombe mkononi. Nilijua jibu lake. Alikuwa amenipa mwenyewe sebuleni kwangu: hatujui.

"Hatuwezi kusema hapana," Kahiga akasema. "Ndiyo maana utafiti huu ni muhimu sana, na ndiyo maana wenzetu wa nje wamekubali kutusaidia."

Mwanamke aliyekuwa akipima uji alisema, "Hao wadudu wachomwe," akaendelea kupima.

Nilimwomba chaji. Simu ilipowaka ilionyesha Mama Parsaoti amenipigia mara nyingi, jana yote na juzi. Nikampigia, hapatikani. Nikampigia Kahiga. Akanong'ona, "Niko kwa mkutano, nitakupigia." Hakupiga.

Daraja la huku limejaa maji. Madereva wanasema tutavuka kesho asubuhi, Mungu akipenda.

24 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naanza na moshi.

Niliuona nikiwa bado barabarani, mweusi, umelala juu ya kilima kwa sababu hewa ilikuwa nzito ya mvua. Nilijiambia ni mtu anachoma makaa. Mtu hachomi makaa kwenye mvua ndefu.

Niliacha gari pale chini nikapanda kwa mikono na miguu. Kwenye mlango wa pango la juu kulikuwa na vijana wa huko, wengine nawajua tangu wakiwa wadogo. Mlango ulikuwa umejazwa mawe na matawi ya miiba, na katikati waliacha tundu la kusukumia tairi. Tairi zilikuwa zinawaka ndani. Parsaoti alikuwa ameshika mti mrefu, uso mweusi kwa masizi, macho mekundu.

"Toeni hayo mawe," nikasema.

Hakuna aliyesogea.

"Parsaoti, toa hayo mawe."

"Daktari, umechelewa."

"Mnafanya nini? Nani amewaambia?"

"Redio imetuambia! Nyinyi wenyewe mmetuambia!" Alitupa ule mti chini. "Rachel ana homa siku ya ngapi hii, hali chakula, anaongea maneno hayaeleweki. Mama amempeleka hospitali. Tulikupigia. Umezima simu. Unajua hawa wanyama wana ugonjwa, unazima simu!"

"Sikuzima. Mama yangu..."

"Sisi pia tuko na mama!"

Nilianza kuondoa mawe mwenyewe. Yalikuwa ya moto. Kijana mmoja alinishika bega, lakini Parsaoti akamwambia kwa Maa aniache nione. Wakakaa pembeni wakinitazama. Hawakunisaidia, wala hawakunizuia.

Moshi ulichukua muda mrefu kupungua. Niliingia na leso iliyolowa mdomoni. Nimeandika juu ya pango hili karibu maisha yangu yote ya kazi na sitaandika mengi sasa. Walikuwa chini. Kila jike lilikuwa limemfunika mtoto wake kwa mabawa, na wengine walikuwa wameingia kwenye nyufa za mwisho kabisa, wamepangana kama vitabu. Nilitafuta aliye hai. Nilimpata mmoja, akafia kwenye kiganja changu kabla sijafika mlangoni.

Kwenye pango la chini moshi haukushuka sana. Wengi walitoka, wakaruka mchana kweupe, mwewe wakawachukua wengine. Waliobaki wamejibana nyuma kabisa.

Nilipotoka vijana walikuwa wameondoka. Parsaoti alikuwa amebaki peke yake, amechuchumaa.

"Wamekufa?" akauliza.

"Wa juu wote."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kufurahi. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo mzito akafika nao, halafu hakuna aliyemwambia autue wapi.

25 Aprili

Viganja vimetoka malengelenge. Kalamu inauma.

27 Aprili

Nimekwenda hospitalini Kajiado kumwona Rachel. Nilijiambia nakwenda kwa sababu ya mtoto, lakini kweli nilikuwa na hasira nyingi na mama huyu. Chai ya miaka yote hiyo, na hakuweza kungoja siku moja.

Rachel alikuwa ameketi, anakula ndizi. Daktari wa wodi amesema ni taifodi, ya maji ya bwawa jipya wanalochota huko kwao, mvua ilipolijaza. Kuna watoto wengine wawili wa upande uleule kwenye wodi. Popo hawahusiki hata kidogo.

Mama Parsaoti alinitazama mikono iliyofungwa bandeji. Hakunisalimu.

"Nilikupigia," akasema.

"Najua, yeyo. Nilikuwa Loitokitok na mama. Stima ilipotea."

"Nilikupigia mpaka simu ikaisha moto. Mtoto anatetemeka, jirani wanakuja wanasema wamesikia kwa redio. Wananiuliza, si ni wewe unawapa chai hao wa popo? Wanaogopa hata kuingia kwangu."

"Ungengoja, yeyo. Ungeningoja kidogo tu."

"Nilingoja. Halafu nikampigia yule mwingine."

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza yupi.

"Kahiga. Yeye alishika simu mara ya kwanza tu. Nikamwambia Rachel ako na homa, nikamuuliza, hii ni ya popo? Akasema haiwezekani kujua. Nikamuuliza, wewe kama ni wewe ungefanya nini? Akaniambia, mama, kama ni watoto wangu, hilo pango ningelifunga leo."

Nilimwomba arudie. Akarudia, maneno yaleyale.

"Nikamwambia Parsaoti, daktari amesema lifungwe. Hayo ya tairi ni ya vijana. Lakini kufunga nilisema mimi, na mimi niliambiwa na mtu wenu."

Hasira yote niliyokuja nayo ilikosa pa kukaa. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua karibu na wauza matunda, nikiwa sijui niende upande gani.

30 Aprili

Nimemwita Kahiga kwenye ile hoteli ya Kitengela tunayokunywa supu tukitoka pangoni. Alikuja amevaa shati jipya. Akaona mikono yangu, akasema pole, akaishika. Nikaitoa.

"Ulimwambia Mama Parsaoti afunge pango?"

Aliweka kijiko chini. "Aliniuliza kama mzazi. Nikamjibu kama mzazi."

"Pale wewe si mzazi. Pale wewe ni daktari."

"Wewe ungemjibu nini? Mtoto anachemka, hujui ana nini..."

"Ningemwambia ampeleke hospitali. Hilo hukumwambia."

Nilimwona akitafuta kumbukumbu ya kwamba alisema hivyo, na akaikosa.

"Tulikubaliana," nikasema. "Ulikaa kwangu ukala, ukasema ni lazima twende kwake kwanza. Kwa mdomo wako."

"Wale wa taasisi walikuwa wanataka jibu wiki ile, Soipan. Hawangenipa mradi kwa kipande ambacho hakijulikani. Wewe ulikuwa hupatikani."

"Kwa hivyo ulijua lini kwamba utaenda redio?"

Alichukua tena kijiko, akakoroga supu. Ndipo nikajua kwamba alijua hata kabla sijakwenda kwa mama. Labda alijua akiwa anaomba ugali tena.

"Umekuwa ukisikiza popo tangu tukiwa vijana," akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa ya upole, na hapo ndipo iliniuma. "Nani amewahi kukupigia simu? Mimi nimepigiwa. Mara ya kwanza maishani mtu amenitafuta kabla sijamtafuta. Nilifikiri watu wataogopa kidogo, tuweke waya, chifu atupe askari, popo walindwe. Sikufikiri watachoma. Naapa sikufikiri."

"Popo wako wa virusi wamekufa. Sasa utasoma nini?"

"Kuna pango la chini," akasema.

Alisema hivyo. Nilikuwa tayari kumsikia akilia au akinitukana, hata akisema alikosea. Hilo sikuwa tayari nalo. Niliondoka supu ikiwa bado inatoa moshi. Njiani nilikumbuka jinsi alivyonibeba, na jinsi jasho lake lilivyokuwa linanidondokea mkononi, na sikuweza kuunganisha mtu yule na huyu. Nimejaribu jioni nzima. Wale tuliodhani tunawajua kwa mgongo, kumbe uso hatukuuangalia.

3 Mei

Mama ametoka hospitali. Anatembea kwa kuegemea kiti. Mvua kubwa.

9 Mei

Baraza la chifu. Watu wengi kuliko nilivyotarajia, wengine wametoka mbali, kwa sababu ya hofu. Mkuu wa idara yangu alikuwa amenipigia asubuhi akaniomba niseme "mambo ya jumla tu". Maana yake ni kwamba nisimtaje Kahiga. Chuo kinajivunia mradi wake.

Nilipewa nafasi. Nilianza kwa Kiswahili nikaona nyuso zimefunga, nikahamia Maa. Nikaeleza kwamba Rachel aliugua kwa maji, kwamba lile bwawa litiwe dawa, kwamba hakuna mtu hapa aliyeugua kwa popo. Nikawaambia bado wasiwashike, na wasiingie pangoni.

Parsaoti alisimama. "Kwa hivyo unasema sisi ni wajinga. Tulichoma bure."

"Hapana. Mlifanya mlichoambiwa."

"Na nani?"

Ilikuwa rahisi kusema redio. Nilimwona chifu akitazama saa yake. Nilifikiria yale mambo ya jumla.

"Na Daktari Kahiga," nikasema. "Alijua kwamba hajui, na hakuwaambia kwamba hajui."

Kelele zikapanda. Mzee mmoja aliyekaa mbele alinyoosha fimbo mpaka wakanyamaza, akaniuliza bila ukali, "Na wewe, binti yetu, ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa na mama yangu, amevunjika nyonga. Wazee wakaitikia, wakasema ni vizuri mtu kukaa na mama yake. Walikuwa wakweli. Lakini nilivyokaa chini niliona kwamba jibu langu, ingawa walilikubali, halikumaliza swali.

15 Mei

Mkuu wa idara ameniita. Nimemwaibisha mwenzangu hadharani, hilo si jambo la wasomi. Muhula ujao sitasimamia wanafunzi wa uzamili. Nilimuuliza kama amesoma barua niliyomwandikia juu ya kile kipande cha virusi. Akasema hilo ni suala tofauti.

19 Mei

Hakuna la kuandika.

28 Mei

Nimetega chombo kwenye pango la juu jua likizama. Mvua zinaisha, nondo ni wengi sana, wanagonga taa ya kichwa. Nilisubiri hadi giza likashika. Kutoka chini nilisikia wale wengine wakitoka, sauti zao nene. Huku juu hakuna kitu, maji tu yakidondoka.

Swali langu la mwaka huu halina wa kulijibu. Watoto walikuwa ndio wameanza kulia sawasawa na mama zao nilipoondoka. Nina sauti zao za wiki ya kwanza na ya pili. Ya tatu hakuna aliyebadilisha betri.

Kuna watu watakaosema aina hufa kila siku na hakuna anayejua, na ni kweli, nimewafundisha wanafunzi hivyo kwa miaka. Sikuwahi kufundisha ikiwa inanuka tairi.

6 Juni

Baridi. Nimeanika wavu, nimeukunja. Binti ya Kahiga amenipigia kuniuliza mbona siendi kwao. Nimemwambia tata ana kazi nyingi. Nilisikia mtu akimwambia akate simu.

13 Juni

Mama Parsaoti amepiga simu. "Njoo kesho. Rafiki yako anakuja na wageni." Akakata kabla sijauliza.

14 Juni

Nilifika kwanza. Rachel ananenepa tena. Mama Parsaoti alinipa kigoda akaniambia nikae, na nisiseme kitu mpaka aniulize.

Kahiga alikuja na gari jeupe la mradi, yeye na wageni wawili, mwanamume na mwanamke waliovaa viatu vya kupanda milima. Aliponiona alisita, halafu akasalimu vizuri, kwa Maa, bila kosa hata moja. Amejifunza.

"Takwenya, yeyo."

"Iko."

Chai ikamiminwa. Akazungumza vizuri pia. Alisema anasikitika kwa yaliyotokea, kwamba redio hupotosha maneno, kwamba mradi utaleta kliniki ya kutembea na utachimba kisima. Sasa wanaomba ruhusa ya familia kufanya kazi kwenye pango la chini.

Mama Parsaoti alisikiliza yote mpaka mwisho. Parsaoti alikuwa amesimama mlangoni.

"Ile siku nilikupigia," Mama Parsaoti akasema, "uliniambia nini?"

"Mama, siku hizo simu zilikuwa nyingi sana. Sikumbuki vizuri."

"Mimi nakumbuka. Ulisema, kama ni watoto wako, hilo pango ungelifunga leo."

Kahiga alitazama kikombe. "Inawezekana nilisema."

"Basi tulifunga. La juu na la chini. Nilimwamini daktari." Akamwongezea chai. "Pango limefungwa, baba. Wewe ndiye ulisema lifungwe."

Mgeni mwanamke aliuliza kwa Kiingereza kumesemwa nini. Kahiga hakumtafsiria. Alikunywa chai yake yote polepole, akashukuru kwa Maa, ashe oleng, akainuka. Akipita karibu nami alisema chini kwa chini, "Ungenisaidia kusema kitu." Nilitazama mikono yake, ile myepesi.

Gari lilipopotea, nilihisi kifua kikifunguka kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Nilikusanya vikombe, nikavisuuza na Mama Parsaoti kwenye karai. Nikamwambia kesho nitapanda niwaone wale wa chini, kama wanatulia.

Aliendelea kusuuza. "Limefungwa, Soipan."

"Hata kwangu, yeyo?"

"Ni wewe ulimleta. Ulisimama hapa ukaniambia huyu ni ndugu yangu, nikampa chai. Mimi sikumjua Kahiga. Nilikujua wewe."

Sikulia. Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia nilimjua kwa namna hiyohiyo, kwamba hakuna aliyedanganywa kuliko mimi. Lakini mikono yake ilikuwa kwenye maji baridi karibu na yangu, na niliona kwamba hakuwa akishindana nami nani ameumia zaidi.

"Mvua za mwisho wa mwaka zikianza," akasema baadaye, "uje na watu wa kwenu. Muombe ruhusa vile watu huomba. Tutawasikiza."

"Mtakubali?"

"Nimesema tutasikiza."

Nikajibu, "Ee, yeyo." Nikaweka kikombe cha mwisho juu ya vingine, nikapangusa mikono kwenye sketi, nikaenda kwenye gari.